Mkoromo wa Mzee Zablon

Awendo,
Jumapili, 9 Novemba.

Kwako Mama yangu Phelesia, Rangwe,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya, goti la kushoto limetulia, na yule ng'ombe wako mweusi ameacha kuvunja ua wa shule. Sisi hatujambo. Willis anaendesha trekta la miwa tangu alfajiri mpaka jua linazama, na akirudi nyumbani ni macho tu yanayoonekana, mengine yote ni vumbi. Cherehani yangu inalia lakini inashona. Na mjukuu wako Zablon ni mzima kabisa. Najua hilo la mzima kabisa utalisoma mara mbili, na una haki, maana ndilo lililonikalisha chini leo niandike.

Utauliza kwa nini barua na simu ipo. Mama, wewe ukipokea simu unaweka sauti ya juu, unatoka nje, na Rangwe yote inashiriki. Mwezi wa saba nilikuambia habari za tumbo langu, na kesho yake mtu akaniuliza sokoni hapa Awendo kama dawa imenisaidia. Haya ya leo ni ya macho yako peke yako. Atakuletea Mayaka wa ndizi, na bahasha nimeishona kwa uzi mwekundu, kwa hiyo akiichungulia utajua. Naandika Kiswahili kwa sababu Dholuo changu bado kinakuchekesha baada ya miaka saba, na leo sitaki ucheke pasipofaa. Pengine pote cheka tu.

Tangu shule zifungwe umepiga simu mara nne kuuliza kwa nini mtoto hajaletwa. Nilisema miwa ni mingi. Nikasema nina sare za shule za kushona. Nikasema ana mafua. Yote hayo yalikuwa uongo na naomba unisamehe. Sasa nitakuambia kila kitu, kwa mpangilio, na tafadhali usirukie mwisho kama unavyofanya na kitabu cha mafunzo ya Sabato.

Unakumbuka Zablon alipoanza kukoroma hata miezi mitatu hajafikisha. Ulikuwa umeshika sufuria ya mboga. Uliiweka chini, ukaita watu, ukasema sikilizeni, mzee amerudi. Mimi baba mkwe sikumkuta hai, lakini mkoromo wake niliujua kabla ya kuijua sura yake, jinsi mlivyousimulia: wageni wa matanga waliohamia boma la jirani, kuku waliokataa kulala karibu na dirisha lake. Ulisema tangu mzee azikwe ulikuwa hupati usingizi, nyumba imenyamaza mno. Mtoto alipoanza, ukalala mpaka jua likakukuta kitandani. Alipoacha kunyonya ukamchukua nyumbani kwako moja kwa moja, ukamwita chuora, mume wangu, ukaniambia mimi nitafute wangu. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuja kwako msichana wa Kikuria na tumbo na mkoba mmoja, na hapo nikaona nimeleta kitu ambacho boma lilikuwa linakililia.

Basi Januari tukamchukua aje asome huku. Mwalimu wake anaitwa Beverly, msichana mdogo, hajamaliza hata mwaka tangu atoke chuoni, lakini ana macho. Watoto wa chekechea hulala kidogo baada ya chakula cha mchana, kwenye mikeka. Zablon akianza, darasa zima huvunjika mbavu. Mwezi wa sita Beverly akaja kibandani kwangu bila kitambaa cha kushona. Akasema mkoromo haumsumbui, kinachomsumbua ni mkoromo ukikatika. Alikuwa amekaa kando yake siku tatu, ameshika uzi mbele ya pua yake, anatazama. Kifua kinapanda, tumbo linahangaika, lakini uzi hautikisiki hata kidogo. Alihesabu mpaka kumi na nne. Kisha mtoto hushtuka, huvuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji, na mkoromo unaanza upya.

Nilimcheka, Mama. Nikamwambia habari zote za mzee kurudi, na jinsi wewe ulivyopata usingizi wako. Niliisimulia vizuri, kama unavyoisimulia wewe, na mikono yote. Beverly alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kwa upole huyo mzee mwenyewe alikufaje.

Nilifungua mdomo nimjibu. Jibu ni lile unalotupa kila mwaka siku ya kumkumbuka, kwamba Mungu alimpenda, akalala Ijumaa akikoroma vizuri, na Sabato asubuhi hakuamka. Mkasi ulinitoka mkononi ukaangukia kidole cha mguu, na bado nina alama. Mama, mimi sijui mzee alikufa na nini, hakuna daktari aliyemtazama, na sitaki uanze kujisumbua kwa mambo ambayo hakuna aliyeyajua. Nakuambia tu jinsi swali lile lilivyoniingia.

Nikaanza kumtazama mwanangu upya. Ile shingo anayoikunja nyuma akilala, kama kuku anayekunywa maji. Ule mdomo wazi. Jasho la kulowesha mto hata siku za baridi. Kitanda kuloa kila siku na yeye ana miaka sita. Kuamka amenuna, kupiga wenzake, kusahau jina la siku. Yote hayo tulikuwa tunaita tabia, na nyingine tukasema ni ya mzee.

Tulimpeleka kliniki kwa Daktari Mokua, Mgusii mmoja mpole anayeongea polepole kama mtu anayepima sukari. Alimwacha Zablon alale pale mchana, akamvika kidoleni kile kibanio chenye taa nyekundu kinachosoma hewa ya damu. Alipoanza kukoroma, namba ilikuwa nzuri. Mkoromo ukakatika, namba ikashuka, ikashuka tena, Willis akasimama. Daktari akatueleza kwamba nyuma ya pua kuna vinyama vimevimba, mafindofindo yamejaa, na njia yenyewe ya hewa ni nyembamba, kwa hiyo mtoto akilegea usingizini njia inajifunga. Ubongo hulazimika kumwamsha ili apumue, mara nyingi sana kila saa, na yeye hajui. Akasema mtoto huyu hajawahi kulala vizuri tangu azaliwe, ndiyo maana hakui na ndiyo maana ana hasira. Nikamwambia jinsi wewe ulivyokuwa unamgusa kwa kiwiko kila akinyamaza, kama ulivyomzoesha mzee. Daktari akacheka, akasema kiwiko hicho kinastahili mshahara wa serikali.

Mwezi wa nane nilikupigia simu kuhusu oparesheni. Unajua ulichosema. Ulisema kukoroma si ugonjwa, ni sauti ya mwenye boma, na hakuna atakayemchinja mumeo mara ya pili. Watu uliokuwa nao wakakuunga mkono, niliwasikia. Willis ni mwana wako wa pekee, na ubishi na wewe haujui. Akasema tungoje kidogo, Mama atalainika. Tukangoja. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nalala kando ya mtoto huyo nikihesabu, na siku niliyofika ishirini na mbili kabla hajavuta pumzi, nilisema basi.

Mama, tulimfanyia. Ilikuwa tarehe ishirini Oktoba, Kisumu, na hatukukuambia. Kosa la kukuficha ni langu. Kosa la kumfanyia si kosa, na hilo nitalisema hata nikiwa nimepiga magoti.

Sasa furahi. Alipozinduka, kitu cha kwanza alichotaka ni samaki, na sauti ilikuwa kama ya mzee wa kijiji. Walipomnyima samaki wakampa maziwa lala baridi, alimwambia muuguzi kwamba atamshtaki kwako, kwa Dana, bibi yake wa huko Rangwe. Muuguzi akauliza Dana ni nani, chifu? Zablon akasema ndiyo. Koo lilimuuma wiki moja na alinuna kwa kila uji niliompikia, lakini siku ya tisa alikula ugali mpaka nikaficha mwiko. Siku kumi na moja sasa kitanda ni kikavu. Anaamka kabla ya baba yake, anawasha redio, anaimba nyimbo zenye maneno ambayo hajui, na shati la sare nililomshonea Mei limeanza kubana mabegani. Usiku wa kwanza tuliporudi nyumbani mimi sikulala kabisa. Niliinuka kila mara kumwekea sikio, nikijua nitakuta mabaya, na kila mara nikakuta mtoto anapumua kimya kimya kama watoto wengine. Nililia, Mama, na Willis akajifanya amelala ili nisimwone naye akilia.

Lakini sitakudanganya kwamba kila kitu kimepona. Bado akihesabu anafika nane, halafu anaruka ishirini kwa furaha kubwa. Bado kiatu kimoja hupotea. Ukimtuma vitu viwili, kimoja anakisahau njiani. Usimgombeze kwa hayo, na usimruhusu mtu amchape. Kwa nini, ndiko ninakokwenda, na kuna jambo moja nililoliruka hapo juu kwa makusudi.

Siku ile ya kwanza kliniki, daktari aliutazama sana uso wa Zablon, macho yake madogo, mdomo wa juu mwembamba. Akaniuliza kama nilikunywa pombe nikiwa mjamzito. Willis akanijibia, akasema mke wangu hajui hata harufu yake. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Wiki moja kabla ya oparesheni nilipiga moyo konde nikarudi kwa daktari peke yangu, nikamwambia yale ninayokuambia wewe sasa.

Uliponiuliza kazi yangu ya kule Isebania, nilisema nilikuwa nasaga kimea kwa shangazi yangu Robi. Ni kweli nilikisaga. Nisilosema ni kwamba kimea kile kilikuwa cha busaa, na kazi yangu nyingine ilikuwa kuonja. Mapipa sita kila asubuhi, na shangazi hakuuza hata kikombe kabla sijasema limeiva. Nilikuwa hodari, sitajifanya. Watu walivuka mpaka kutoka Sirare kwa kuuamini ulimi wangu.

Nilipopata mimba sikuacha. Kwetu busaa haihesabiwi kuwa pombe. Pombe ni ya chupa, na ile inayoshika moto ukiimwaga jikoni. Busaa ni chakula, ni uji uliochangamka, na wanawake wakubwa waliniambia inamjenga mtoto na kuleta maziwa. Mwanzoni niliamini. Lakini kufikia mwezi wa tano sikuwa naonja tena, nilikuwa nakunywa. Kikombe kikubwa asubuhi kutuliza kichefuchefu, kingine mchana, na jioni sikuhesabu. Kichwa kilikuwa kinazunguka na nilijua uji hauzungushi kichwa.

Mwezi wa nane wa mimba Willis akanileta kwako, nyumba ya Wasabato ambayo hata majani ya chai hayaingii. Unakumbuka wiki ile? Nilitetemeka, nikatoka jasho, nikatapika hata maji. Ulisema malaria ya mpakani ni kali. Ukanilaza kwenye kitanda chako, wewe ukalala chini, ukanipangusa kwa kitambaa siku tano na kuniimbia nyimbo ambazo sikuzielewa. Haikuwa malaria, Mama. Ilikuwa ni pombe inanitoka, na wewe uliniuguza bila kujua. Hakuna siku katika miaka hii saba ambayo nimekula kwako bila kulikumbuka hilo.

Daktari Mokua hakunigombeza. Alisema pombe, iwe ya chupa au ya mtungi, humfikia mtoto tumboni, na huharibu ubongo ukiwa unajengwa, na uso pia, taya, pua na njia ya hewa, ndiyo maana watoto wa namna hii wengi wana shida ya kupumua wakilala. Alisema ni vizuri nimesema kabla ya oparesheni. Kule Kisumu walimlaza siku mbili badala ya moja, wakiilinda pumzi yake. Koo wamelitengeneza. Yale ya kichwani hayaondolewi kwa kisu, yanataka subira na mwalimu mwenye macho, na kwa bahati mwalimu tunaye. Uso huo pia tulisema ni wa mzee, lakini nimeitazama tena picha yake uliyotupatia. Mdomo wake wa juu ni mnene kama wa Willis. Tuliona tulichotaka kuona, na mimi niliwaacha muone.

Kuna mtu mwingine niliyemkosea. Risper, jirani yako, rafiki yako wa miaka thelathini. Mwaka juzi alimtazama Zablon akila samaki, ukasema ni jicho lake linalomzuia mtoto asikue, na hamjasalimiana tangu hapo. Nilikuwepo siku uliporudisha bakuli lake bila chochote ndani. Niliuona uso wake. Wakati ule nilikuwa nimeshaanza kushuku kwamba ni busaa, na nikanyamaza, kwa sababu jicho la Risper lilikuwa linaniokoa. Hakuwa na jicho lolote. Ukimaliza kusoma, nakuomba uvuke ua umwambie hivyo. Ukitaka umwambie na sababu, mwambie. Sitakulaumu.

Willis anajua. Nilimwambia siku ileile niliyotoka kwa daktari peke yangu. Akatoka akaenda kuliosha trekta. Aliliosha mpaka majirani wakauliza kama linauzwa. Siku ya tatu akaniuliza gari la Kisumu linaondoka saa ngapi, akakunja suruali zake mbili akatia kwenye begi, na tukaenda pamoja. Hilo ndilo jibu alilonipa mpaka leo, nami nimelichukua.

Sisemi mzee hakurudi. Jina ni lake, na kwa ubishi wa mtoto huyu nadhani alirudi na nusu. Nasema tu kwamba ile sauti uliyokuwa unalala kwayo ilikuwa ya mtoto anayekosa hewa. Siku ya kwanza atakapolala kwako utaamka na hutasikia chochote. Najua ukimya huo utakuuma, na naomba radhi kwa huo pia. Usiwashe taa, usimwamshe. Mwekee mkono kifuani, utamkuta. Akianza kukoroma tena, hata kidogo, nipigie saa hiyohiyo, maana daktari anataka kujua.

Tunakuja Jumapili ijayo, tarehe kumi na sita. Zablon nitamwachia mkono pale langoni aingie mbio kama kawaida yake, na usimngojeshe, yeye hana kosa. Mimi nitabaki nje. Willis anataka kusimama nami, lakini nimemwambia aingie akusalimie, wewe ni mama yake. Ukitoka ukaniita nyar Kuria, binti wa Wakuria, kama siku zote, nitaingia. Usipotoka, nitaelewa. Nitarudi Awendo na gari la jioni, na mtoto atakaa nawe mpaka Januari kama tulivyokuahidi, kwa maana hata ukinikataa, najua hakuna mikono mingine ningependa alale karibu nayo.

Wasalimie wote wa kanisani, na Mayaka mpe uji, kwangu mimi huwa anapewa chai. Zablon anasema umwekee samaki mkubwa, na macho ya samaki ni yake. Willis anakusalimu bila maneno mengi, unamjua. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi niliyelala kwenye kitanda chako,
Jerusha.